Ile mistari ya njano yenye nundu stesheni ni ya nini hasa?

Agosti 15, 2016, jijini Tokyo, mwanamume mmoja asiyeona alikuwa akitembea kwenye jukwaa la Aoyama-itchome, stesheni ya treni za chini ya ardhi. Alikuwa na mbwa wake mwongozaji. Sakafuni kulikuwa na vigae vya njano vyenye nundu. Hata hivyo alianguka relini, treni ikamgonga, akafariki dunia.

Kwa mtu anayeona, tukio hili ni gumu kulielewa. Mbwa alikuwepo. Vigae vilikuwepo. Sasa ilikuwaje?

Watu wasioona nchini Japani wana msemo wa siku nyingi kuhusu majukwaa ya treni: ni daraja lisilo na kingo. Upande huu kuna shimo, mara nyingi upande wa pili kuna shimo jingine, na wewe unatakiwa upite katikati huku watu wanakupiga vikumbo na tangazo la spika linameza sauti zote.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu bilioni 1.3 duniani, yaani mmoja kati ya kila sita, wanaishi na ulemavu unaoathiri sana maisha yao. Hao nao wana kazi, wana misiba, wana wagonjwa wa kwenda kuwaona. Wanahitaji treni kama wewe.

Makala hii inaeleza stesheni zinafanya nini ili abiria hawa waweze kupita wenyewe, bila kumtegemea msamaria mwema kila hatua. Na inaeleza kwa nini kitu kimoja pekee, kiwe kigae au programu ya simu, hakitoshi.

Vigae vilianzia wapi?

Vilianzia Okayama, mji ulio magharibi mwa Japani. Mwaka 1965 Seiichi Miyake, mwenye nyumba ya wageni mjini humo, alibuni kigae cha zege chenye nundu juu yake. Hakuwa mhandisi wa serikali. Alikuwa na rafiki aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona, na alitaka kumsaidia yeye na wengine kama yeye kutembea barabarani kwa usalama.

Inaelezwa kuwa wazo lilitokana na jambo dogo ambalo rafiki huyo alimwambia: kwamba hata akiwa amevaa viatu, miguu yake inatambua mahali ardhi tupu inapoishia na kuvumwani kunapoanzia. Miyake akaona hapo ndipo pa kuanzia. Kama mguu unasoma, basi uandikiwe kitu cha kusoma.

Machi 18, 1967, vigae 230 viliwekwa kwenye kivuko cha barabara karibu na shule ya wasioona ya Okayama. Miyake alitumia fedha zake mwenyewe, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyemjali sana. Mwaka 1970 vigae vikaingia kwenye jukwaa la treni kwa mara ya kwanza, katika stesheni ya Abikocho, Osaka.

Leo utavikuta kwenye stesheni, viwanja vya ndege na vivuko vya barabara katika nchi nyingi duniani. Huenda umevikanyaga mara nyingi bila kujua vinasema nini.

Jinsi ya kuvisoma

Lugha yake ina maneno mawili tu:

- Mistari mirefu iliyoinuka: endelea. Unafuata mistari inakoelekea, kama unavyofuata njia ya miguu.
- Nundu za duara: simama, kuna jambo. Inaweza kuwa ngazi, njia panda, mlango wa lifti, au ukingo wa jukwaa.

Mtu asiyeona anazisoma kwa nyayo na kwa ncha ya fimbo nyeupe. Kwa viwango vya Japani nundu hizo zina kimo cha milimita 5 hivi. Ni ndogo kiasi kwamba hazimkwazi mtu, lakini zinatosha mguu kushtuka.

Na rangi ya njano? Hapo wengi hukosea. Wanadhani watu wote wenye ulemavu wa kuona wako gizani kabisa, hivyo rangi ni urembo tu. Si kweli. Wengi wao wana uoni hafifu: wanaona mwanga, vivuli, au rangi zinazotofautiana sana. Njano kwenye sakafu ya kijivu inaonekana. Kigae cha kijivu kwenye sakafu ya kijivu, hata kiwe na nundu nzuri namna gani, kwao hakipo.

Kwenye majukwaa ya Japani kuna ufundi mwingine mdogo. Vigae vya tahadhari huwekwa kama sentimita 80 hadi mita moja kutoka ukingoni, na upande wa ndani wake, yaani upande ulio mbali na reli, huongezwa mstari mmoja ulioinuka. Kazi yake ni kumjibu mtu aliyepotea mwelekeo: nimekanyaga nundu, sawa, lakini reli iko kushoto au kulia? Mguu ukigusa mstari, huko ndiko salama.

Bila mstari huo, nundu zinakwambia kuna hatari karibu, lakini hazikwambii iko upande gani. Kwenye daraja lisilo na kingo, hiyo ndiyo tofauti ya kurudi nyumbani na kutorudi.

Miaka ya mwanzo kila kiwanda kilitengeneza kigae cha aina yake, na watu wasioona wakachanganyikiwa. Japani iliweka kiwango kimoja cha taifa mwaka 2001, na mwaka 2012 kikaja kiwango cha kimataifa, ISO 23599.

Havikuja kwa hisani tu

Ni rahisi kudhani kampuni za reli ziliamka asubuhi moja na kuamua kuweka vigae. Haikuwa hivyo.

Mwaka 1973 mtu asiyeona alianguka kutoka jukwaa la Takadanobaba, Tokyo, na kufariki. Jukwaa halikuwa na vigae. Wazazi wake waliishtaki reli ya taifa. Kesi ilichukua miaka mingi na iliisha mwaka 1986 kwa makubaliano. Ni moja ya mambo yaliyofanya vigae kwenye majukwaa viache kuonekana kama zawadi na kuanza kuonekana kama wajibu.

Usidhani pia kwamba hii ni habari ya zamani. Februari 2020, katika stesheni ya Eden Park, kusini mashariki mwa London, abiria mwenye ulemavu wa kuona alianguka kutoka kwenye jukwaa lisilo na vigae vya tahadhari. Treni ikamgonga, akafariki. Hiyo ni Uingereza, nchi iliyojenga reli kabla ya karibu kila mtu mwingine. Baada ya uchunguzi, kazi ya kuweka vigae kwenye majukwaa yaliyobaki iliharakishwa.

Yaani mara nyingi kigae kinakuja baada ya jeneza. Swali kwa nchi zinazojenga reli sasa ni kama lazima nazo zipitie njia hiyo hiyo.

Kwa nini vigae havitoshi?

Turudi Aoyama-itchome. Vigae vilikuwepo, ila hakukuwa na kitu cha kumzuia mtu asianguke. Vigae ni onyo, si ukuta.

Ukuta ndio yale mageti ya jukwaani: kuta au mageti yanayosimama ukingoni na kufunguka pale tu treni inapokuwa imesimama. Ndugu zetu walioko Dubai wameyazoea, kwa sababu metro ya huko, iliyofunguliwa mwaka 2009, ilijengwa nayo tangu mwanzo.

Kuyaweka kwenye stesheni ya zamani ni kazi nyingine. Jukwaa lenyewe linaweza kuhitaji kuimarishwa ili libebe uzito. Halafu kuna tatizo la milango: njia moja inaweza kupitisha treni za kampuni tofauti, hii ina milango mingi, ile michache, na haisimami sehemu moja.

Kwenye njia ya Asakusa jijini Tokyo walipata jibu la bei nafuu. Walibandika misimbo ya QR kwenye milango ya treni. Kamera za jukwaani zinaisoma, zinajua treni iliyofika ina milango mingapi, na mageti yanafunguka inavyotakiwa. Ni aina ile ile ya msimbo unaousoma kwa simu yako.

Na nani analipa? Machi 2023 kampuni kadhaa kubwa, zikiwemo JR East na Tokyo Metro, zilianza kuongeza yen 10 kwenye nauli za kawaida za eneo la Tokyo kwa ajili ya mageti, lifti na vitu kama hivyo. Kila abiria anachangia kidogo. Hoja yake ni kwamba leo unatembea vizuri, kesho unaweza kuvunjika mguu, na keshokutwa utazeeka.

Masikio nayo yana ramani yake

Ukisimama kwenye jukwaa la stesheni nyingi za Japani utasikia ndege wanalia. Usitafute mti. Ni spika, na iko karibu na ngazi za kutokea. Asiyeona anaufuata mlio, anajua kule ndiko njia.

Kwenye mageti ya tiketi kuna mlio wa kengele fupi unaojirudia. Huo nao unasema: hapa ndipo pa kuingilia na kutokea.

Vitu hivi havigharimu sana. Kinachotakiwa ni mtu kukaa na kufikiria: abiria asiyeona akishuka kwenye treni, hatua ya kwanza atajuaje aende wapi? Na ya pili? Na ya tatu? Safari ni kama mnyororo. Pete moja ikikatika, mnyororo mzima hauna kazi. Stesheni yenye vigae vizuri kutoka getini hadi ngazini, kisha vigae vinaishia katikati ya ukumbi, imemleta mtu mahali na kumwacha.

Kwa anayetumia kiti mwendo, sentimita 5 ni ukuta

Abiria wa kiti mwendo ana maswali mengine kabisa. Kigae hakimsaidii. Anataka kujua:

- Kutoka barabarani hadi jukwaani kuna ngazi?
- Lifti ipo, na leo inafanya kazi?
- Kati ya jukwaa na treni kuna pengo au tofauti ya kimo?

Swali la tatu husahaulika sana. Mtu anaweza kufika hadi mbele ya mlango wa treni kwa lifti, halafu asiweze kuingia kwa sababu ya kimo kidogo ambacho wewe unakivuka bila kuangalia chini.

London wamelikubali tatizo hili kwenye ramani yao ya treni za chini ya ardhi. Badala ya alama moja ya kiti mwendo, wanazo mbili za rangi tofauti. Moja inasema unaweza kutoka barabarani hadi ndani ya treni bila ngazi. Nyingine inasema utafika jukwaani tu, na hapo kuingia kwenye treni ni habari nyingine.

Reli hiyo ilianza mwaka 1863, na stesheni nyingi bado hazina njia isiyo na ngazi. Lakini angalau ramani inasema ukweli. Abiria anapanga safari akiwa nyumbani, badala ya kugundua yuko mwisho wa njia akiwa tayari ameshalipa.

Japani ina utaratibu mwingine wa kuigwa. Abiria wa kiti mwendo akifika stesheni, mfanyakazi anamletea ubao wa mteremko wa kuvukia pengo. Kisha anawasiliana na stesheni anakokwenda na kuwaambia abiria yuko behewa gani, mlango gani. Treni ikifika, mfanyakazi mwingine amesimama pale pale na ubao wake.

Utaratibu huo hauhitaji teknolojia kubwa. Unahitaji ubao, mawasiliano na wafanyakazi waliofundishwa. Kasoro yake ni kwamba abiria analazimika kusubiri hadi watu wa upande wa pili wawe tayari, wakati wengine wanaruka treni ya kwanza inayokuja. Ndiyo maana watetezi wa haki za watu wenye ulemavu husema mtu asaidiwe, sawa, lakini lengo liwe jukwaa na treni vilingane ili asihitaji kuomba.

Asiyesikia anakosa tangazo

"Abiria wote mnaosubiri jukwaa namba mbili, treni yenu sasa itaingia jukwaa namba tano." Watu wanainuka, wanakimbia. Kiziwi anabaki amekaa, anajiuliza wamepatwa na nini.

Dawa yake inajulikana: kila kinachosemwa kwenye spika kionekane pia kwa maandishi kwenye skrini, na kwa wakati ule ule. Si dakika kumi baadaye.

Katika stesheni ya Ueno, Tokyo, mwaka 2022 walijaribu kitu cha kuvutia zaidi. Wazo lilitoka kwa wanafunzi wa shule ya viziwi. Mashine inasikiliza sauti za jukwaani, yaani treni inapoingia, milango inapofungwa, tangazo linapotolewa, kisha skrini inazionyesha kwa maandishi yanayocheza kulingana na mlio wenyewe, pamoja na video za lugha ya alama. Kiziwi akaweza kuziona sauti ambazo wengine wote wanazisikia.

Na ule ulemavu usiouona

Kuna abiria ambaye hana fimbo wala kiti mwendo. Ana usonji, na kelele za stesheni zinamlemea. Au ana ugonjwa wa kusahau. Au ana maumivu yanayomfanya ashindwe kusimama muda mrefu. Ukimwona, utadhani mzima.

Mwaka 2016 uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulianza kutoa kamba ya shingoni ya kijani yenye maua ya alizeti. Anayeivaa hahitaji kueleza ugonjwa wake mbele za watu. Wafanyakazi wakiiona wanajua huyu anahitaji muda kidogo, au maelezo ya taratibu. Kampuni za treni za Uingereza nazo zikaipokea.

Kwa abiria kama hawa, kinachosaidia zaidi ni mabango yanayoeleweka. Maneno machache, herufi kubwa, picha zinazojulikana, na jina la mahali liwe lile lile kila unapopita. Bango la kwanza likisema "Njia ya Kutokea" na la pili likisema "Lango Kuu", hata mtu asiye na shida yoyote atasimama kujiuliza.

Simu yako inaingia wapi?

Nje, ramani ya simu inakuongoza kwa setilaiti. Ndani ya stesheni, hasa ya chini ya ardhi, setilaiti haikuoni. Kwa hiyo wabunifu wametafuta njia nyingine. Hizi ni tatu:

1. Vifaa vidogo vya bluetooth. Mwaka 2015, katika stesheni ya Pimlico jijini London, vilifungwa vifaa vidogo vinavyotoa mawimbi ya bluetooth. Simu ya abiria inayapokea, inajua ipo wapi, na inampa maelekezo kwa sauti. Mradi huo, Wayfindr, ulianza baada ya vijana wenye ulemavu wa kuona kusema wanataka kusafiri wenyewe. Kazi yake ilizaa mwongozo wa kimataifa uliopitishwa na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, mwaka 2017.

2. Misimbo ya rangi. NaviLens, iliyobuniwa Hispania, ni msimbo unaofanana na QR lakini wenye rangi. Kamera inausoma kutoka mbali, hata mtu akiwa anatembea na bila kuulenga sawasawa. Hilo ni muhimu, kwa sababu asiyeona hawezi kutafuta kibandiko kidogo ukutani na kukilenga. Umeenea kwenye metro na vituo vya basi vya Barcelona.

3. Misimbo juu ya vigae. Tokyo Metro imeweka misimbo ya QR kwenye vigae vyenyewe vya njano katika baadhi ya stesheni. Programu iitwayo shikAI, iliyoanza mwaka 2021, inaisoma kwa kamera na kumwambia abiria aende mbele mita kadhaa, kisha kulia. Uvumbuzi wa Miyake wa 1965 na simu ya leo vimekutana sakafuni.

Ni mambo mazuri. Lakini angalia upande wa pili. Simu huisha chaji. Bando huisha. Mkono mmoja umeshika fimbo, wa pili umeshika begi, simu itashikwa na nani? Ukiweka vifaa vya kuziba masikio usikie maelekezo, husikii treni. Na wapo wengi ambao simu janja hawana.

Kwa hiyo programu ni nyongeza. Kigae hakihitaji chaji.

Vipi huku kwetu?

Afrika Mashariki iko kwenye kipindi cha kujenga. Kenya ilizindua Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Tanzania ilianza safari za SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi uliofuata, na vipande vingine vinaendelea kujengwa. Uganda ilisaini mkataba wa kujenga reli yake kutoka Malaba hadi Kampala mwaka huo huo wa 2024.

Sheria zipo. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata taarifa. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Nchi zote mbili zimeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinazungumzia usafiri moja kwa moja.

Faida kubwa ya kujenga sasa ni hii: mteremko ukiwa kwenye karatasi ya mchoro, gharama yake ni kalamu na zege kidogo. Ukikumbukwa baada ya uzinduzi, gharama ni kubomoa. London wanahangaika na mashimo yaliyochimbwa tangu karne ya 19. Anayejenga leo hana kisingizio hicho.

Lakini mnyororo hauanzii getini kwa stesheni. Unaanzia nyumbani kwa abiria. Treni inaweza kuwa nzuri kabisa, lifti inafanya kazi, vigae vinang'aa, lakini kama basi au matatu ya kumfikisha hapo haimchukui mtu wa kiti mwendo, au njia ya miguu imejaa bodaboda zilizoegeshwa na meza za biashara, hiyo stesheni nzuri ni ya wengine.

Na kuna kosa jingine ambalo tiba yake ni rahisi: kuwaita watu wenye ulemavu siku ya uzinduzi kukata utepe, badala ya kuwaita siku ya mchoro kusema nini kinakosekana. Mtu anayetumia kiti mwendo atakwambia kwa dakika tano kwamba geti lako ni jembamba. Mhandisi anayetembea kwa miguu anaweza kupita hapo miaka miwili asilione.

Wewe abiria ufanye nini?

Baada ya kifo cha Aoyama-itchome, kampuni za reli Japani zilisisitiza jambo lisilogharimu hata senti: toa sauti. Zilianza kuhimiza wafanyakazi na abiria wawasemeshe watu wasioona wanapowaona jukwaani. Sababu ni kwamba mara nyingi watu wanaona mtu anaelekea ukingoni, kila mmoja anadhani mwenzake atasema, na hakuna anayesema.

Haya unaweza kuyafanya kuanzia safari yako ijayo:

- Usisimame wala kuweka begi juu ya vigae vya njano. Kwako ni sakafu tu. Kwa mwenzako, begi lako ni mti ulioangukia barabara.
- Ukiona hatari, sema wazi. "Simama! Wewe mwenye fimbo nyeupe, simama hapo hapo!" ni bora kuliko "Angalia!" Asiyeona hajui kama unamwambia yeye, na hajui aangalie nini.
- Kama hakuna hatari, uliza kwanza. "Habari, unahitaji msaada?" Akisema hapana, basi. Usijisikie vibaya.
- Usimvute mkono wala fimbo. Mpe kiwiko chako akishike mwenyewe, tangulia nusu hatua, na mwambie kilicho mbele: ngazi zinapanda, ngazi zinashuka, pengo la treni.
- Ukiondoka, muage. Usimwache anaongea na hewa.
- Usisukume kiti mwendo cha mtu bila ruhusa. Kile ni kama miguu yake.
- Mwache atangulie kwenye lifti. Wewe una ngazi. Yeye hana njia nyingine.
- Lifti ikiwa mbovu, toa taarifa kwa wahudumu. Usipite tu kwa kuwa haikuhusu.

Zile nundu za njano hazina maana yoyote nyingine zaidi ya hizo mbili: endelea, au simama. Ukizikuta, sogea hatua moja pembeni. Kuna mtu nyuma yako anazisoma.